Ukingo wa Dari: Habari za Mchezo wa Mwendo Mkali juu ya Barafu

Katika nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini uko mchezo mmoja usiojulikana sana kwetu, kwa kuwa sisi hatuna majira ya baridi kali. Wale wakaao karibu na Kilimanjaro huiona theluji kwa mbali, nyeupe kileleni, lakini ni wachache walioikanyaga. Huko kaskazini theluji hushuka mpaka mlangoni pa nyumba, na maji ya ziwa hugeuka kuwa magumu kama jiwe. Ndipo watu huketi juu ya kigari kisicho na magurudumu, kiitwacho sleji, wakashuka mlima kwa kuteleza. Watoto wetu hufanya vivyo hivyo juu ya gome la mgomba, mvua ikiisha kulowesha majani ya mteremko. Basi mchezo wenyewe si wa ajabu. La ajabu ni jinsi watu wazima walivyouchukua mchezo huu wa watoto, wakauongezea mwendo mwaka hata mwaka, mpaka ukawa mchezo wa kuua. Na jinsi walivyobishana kwa muda mrefu ni nani alaumiwe mtu akifa. Tumeona vema kuwaeleza habari hizi, maana zina fundisho kwa kila mtu mwenye kazi ya kuwaandalia wenzake jambo lo lote.

Mwanzo wake ulikuwa katika milima ya Uswisi, katika mji mdogo uitwao St. Moritz. Zamani wageni walifika huko wakati wa joto tu, kwa ajili ya hewa nzuri. Yasimuliwa kwamba mwaka wa 1864 mwenye hoteli mmoja, jina lake Johannes Badrutt, aliwaahidi wageni wake Waingereza kwamba wakirudi wakati wa baridi, nao wasipopendezwa, yeye mwenyewe atawalipia gharama za safari. Wakarudi, wakapendezwa, wakakaa. Lakini mtu mwenye nafasi nyingi na kazi kidogo hutafuta la kufanya. Wageni wale walitwaa sleji za kuchukulia mizigo, wakashuka nazo katika njia za mji, wakawagonga wenyeji waliokuwa wakienda sokoni na kazini. Manung'uniko yakawa mengi. Basi ikafaa wachezaji watengewe mahali pao. Majira ya baridi ya 1884 hata 1885 ikajengwa njia ya barafu iitwayo Cresta, nayo hujengwa upya kila mwaka hata leo, urefu wake ukiwa zaidi ya kilomita moja.

Twaomba msomaji aliweke jambo hili moyoni: njia ya pekee ya mchezo huu ilizaliwa kwa ajili ya usalama. Watu waliona hatari, wakaitenga na wapita njia. Lakini palepale palipoondolewa hatari moja, pakaingia nyingine. Maana njia isiyo na mpita njia haina sababu ya kupunguza mwendo, na ikiisha kutengenezwa kwa mashindano, kila mtu atataka kupita kasi kuliko mwenzake.

Jinsi mwendo ulivyoongezeka twaweza kuupima. Mwaka wa 1883, katika mji wa Davos, palifanyika mashindano ya kwanza ya watu wa mataifa mbalimbali. Waliingia watu 21, njia yao ikiwa barabara ya kilomita 4 kushuka mpaka Klosters. Wawili walifika kwa muda ulio sawa: mwanafunzi mmoja wa Australia, Georg Robertson, na mchukuzi wa barua wa Klosters, Peter Minsch. Walitumia dakika 9 na sekunde 15. Tukipiga hesabu tutaona kwamba ni mwendo wa kilomita 26 kwa saa, ambao kijana hodari aweza kuupita kwa baisikeli. Leo hii washindani wa mchezo huo hupita kilomita 130 kwa saa, yaani mara tano ya mwendo wa yule mchukuzi wa barua.

Sleji za mashindano ni za namna tatu. Ya kwanza huitwa luji. Mchezaji hulala chali, miguu mbele, akaiongoza kwa kukaza miguu na mabega, wala hana breki. Ya pili ni skeletoni. Mchezaji hulala kifudifudi, kichwa mbele, kidevu chake kikiwa karibu sana na barafu. Ya tatu ni bobsleji, chombo kikubwa, kwa kawaida cha watu wawili au wanne, wenye kuketi mmoja nyuma ya mwingine, wa mbele akiwa nahodha. Katika kona njia huinuka kama ukuta, na sleji hupanda ukuta huo. Nao mwili wa mtu hukandamizwa kwa nguvu hata ajione kana kwamba uzito wake umeongezeka mara nne au tano. Katika luji muda hupimwa hata sehemu ya elfu moja ya sekunde. Kufumba na kufumbua huweza kuwa muda mrefu kuliko tofauti kati ya mshindi na mshindwa.

Wazee wa mchezo huu hawakuwa watu wasiojali kabisa. Katika njia ya Cresta iko kona moja iitwayo Shuttlecock, iliyojengwa ili mtu aliyepita kiasi cha mwendo atupwe nje hapo, aangukie theluji na majani makavu, kabla hajafika mahali pabaya zaidi. Huo ulikuwa ufundi mzuri. Walijua kwamba mtu atakosa, wakamwandalia mahali pa kukosea. Hata hivyo watu walikufa. Mmojawapo alikuwa askari Mwingereza, Henry Pennell, aliyepewa nishani ya Victoria Cross kwa ushujaa wake katika vita vya mpaka wa Bara Hindi mwaka wa 1897. Alipona katika vita hivyo, akapona tena katika vita vya Afrika ya Kusini. Hata mwaka wa 1907 akafa juu ya barafu ya Cresta, katika mchezo.

Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ilipoanza mwaka wa 1924 huko Chamonix, Ufaransa, bobsleji ilikuwamo. Toka hapo mchezo haukuwa tena wa wageni wa hoteli. Ukawa wa bendera za mataifa, na penye bendera watu hutafuta kila njia ya kushinda. Waliona kwamba chombo kizito hushuka upesi, basi wakatafuta watu wazito. Mwaka wa 1952, huko Oslo, Wajerumani wenye miili mikubwa, wakiongozwa na Andreas Ostler, walishinda mashindano yote mawili ya bobsleji. Ndipo ikawekwa kanuni ya kuweka mpaka wa uzito. Hivyo ndivyo kanuni nyingi za mchezo huu zilivyokuja, jambo kwanza, kanuni baadaye.

Na vifo viliendelea. Max Houben wa Ubelgiji, aliyepata nishani ya fedha pamoja na wenzake mwaka wa 1948, alikufa katika mazoezi huko Lake Placid, Marekani, mwaka wa 1949. Mwaka wa 1964 luji ilikuwa inaingia katika Michezo ya Olimpiki mara ya kwanza, huko Innsbruck, Austria. Mwaka huo theluji ilikuwa haba, hata askari wa Austria wakachonga mapande 20,000 ya barafu mlimani na kuyachukua mpaka kwenye njia za sleji, ili watazamaji wasikose mchezo. Lakini kabla ya Michezo kufunguliwa, Kazimierz Kay-Skrzypecki, mzaliwa wa Poland aliyeshindania Uingereza, mtu mwenye umri wa zaidi ya miaka 50, alikufa katika mazoezi juu ya njia ile. Mwaka wa 1966, huko Cortina, Italia, alikufa Mjerumani Toni Pensperger, na mashindano ya watu wanne yakafutwa. Mwaka wa 1981, mahali pale pale, alikufa Mmarekani James Morgan.

Katika miaka hiyo ufundi ulibadili njia zenyewe. Huko Königssee, Ujerumani, ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1960 njia ya kwanza ya saruji yenye mabomba ndani yake ya kugandisha maji, kama yale ya sanduku la baridi. Toka hapo barafu haikutegemea tena mvua na jua. Ikawa ngumu, laini, na ya namna moja toka juu hata chini. Tena watazamaji walio mbali, wakikaa nyumbani mbele ya televisheni, waliweza kuona kila kona. Kwa upande mmoja njia hizi zilikuwa salama kuliko zile za zamani, maana mashimo na matuta ya barafu yalikwisha. Kwa upande mwingine ziliongeza mwendo. Faida ya usalama iliyopatikana kwa mkono wa kulia, ilitumiwa kununua mwendo kwa mkono wa kushoto.

Sasa tumefika kwenye habari iliyo nzito kuliko zote. Kwa Michezo ya mwaka wa 2010 Wakanada walijenga njia huko Whistler, kaskazini ya mji wa Vancouver. Ina kona 16, na toka juu hata chini yashuka mita 152. Februari 2009, mwaka mmoja kabla ya Michezo, Mjerumani Felix Loch alishuka kwa mwendo wa karibu kilomita 154 kwa saa. Mwendo huo ulizidi sana makadirio ya wale waliochora njia. Wakuu wa chama cha luji cha ulimwengu walishtuka, wakawaandikia barua wachoraji. Lakini barua hiyo haikudai njia ya Whistler ibadilishwe. Ilitaka njia zitakazojengwa baadaye zisiwe na mwendo kama huo. Nakala ilifika kwa wenye kuandaa Michezo, na mkuu wao akawaandikia wenzake kwamba ndani ya maneno hayo aliona onyo, ya kuwa njia ina mwendo mno na mtu aweza kuumia vibaya. Onyo lilisomwa. Njia ikabaki ilivyokuwa.

Tena lilikuwako jambo la kiburi cha taifa. Wakanada walitaka nishani nyingi nyumbani kwao, na wachezaji wao walipata nafasi za kujizoeza juu ya njia ile kuliko wageni. Kanuni hazikukataza, na mataifa mengine yalikuwa yamefanya hivyo kabla yao. Lakini katika mchezo wa mbio, asiyezoea uwanja hushindwa tu. Katika mchezo huu, asiyezoea njia huhatarisha uhai wake.

Nodar Kumaritashvili alikuwa kijana wa miaka 21, mwenyeji wa Bakuriani katika milima ya Georgia, nchi ndogo iliyo kati ya Urusi na Uturuki. Ukoo wake ulikuwa na desturi ya mchezo huu, na baba yake aliucheza ujanani. Baba huyo alieleza baadaye kwamba mwanawe alimwambia kwa simu ya kuwa aiogopa kona moja ya Whistler. Tarehe 12 Februari 2010, saa chache kabla ya sherehe ya kufungua Michezo, Nodar alishuka katika mazoezi. Alitoka kona ya 15 kwa kuchelewa, akaingia kona ya 16, iliyo ya mwisho, pasipo kuishika vema. Akatupwa juu ya ukuta wa njia kwa mwendo wa kilomita 144 hivi kwa saa, akapiga nguzo ya chuma. Nguzo hiyo haikufungwa godoro wala kitu cho chote laini. Akafa. Usiku ule wenzake wa Georgia waliingia uwanjani wamevaa vitambaa vyeusi mikononi, na watu maelfu wakasimama kwa heshima.

Wakuu wa chama walichunguza, wakasema kwamba njia haina kosa, kosa ni la mchezaji aliyechelewa kutoka katika kona. Lakini tazama walichofanya usiku ule ule. Walijenga ukuta mrefu zaidi mahali alipotokea, wakabadili umbo la barafu, na mahali pa kuanzia pa wanaume pakashushwa chini ili mwendo upungue. Kesho yake mashindano yakafanyika. Oktoba mwaka ule, afisa wa serikali ya British Columbia achunguzaye vifo alitoa hukumu yake: ilikuwa ajali, iliyoletwa na mambo kadhaa yaliyokutana, yaani mwendo mkali, ugumu wa njia, na kutoizoea njia ile kwa kijana huyo.

Watu wetu husema, ajali haina kinga. Methali hii ni ya kweli kwa mambo yaliyo nje ya uwezo wetu. Lakini hapa twaiona ikishindwa, maana kinga ilikuwako, nayo ilijengwa kwa usiku mmoja. Mbao, godoro, ukuta, na kuteremsha mahali pa kuanzia: hakuna hata kimoja kilichohitaji elimu mpya au fedha nyingi. Kilichokosekana si kinga, bali mtu wa kuitaka kabla ya damu kumwagika.

Twakumbuka katika Torati, Kumbukumbu sura ya 22, amri moja ndogo ambayo wengi huipita upesi. Nyumba za Waisraeli zilikuwa na dari tambarare, na watu waliketi na kulala juu yake. Musa aliwaamuru kwamba mwenye kujenga nyumba azungushe ukuta mdogo juu ya dari, ili kwamba mtu akianguka, damu isiwe juu ya nyumba hiyo. Amri haisemi kwamba aangukaye ni mwenye hekima au mpumbavu. Haiulizi kama alikuwa akitazama alikokwenda. Labda alikosea hatua, labda alicheza. Yote hayo hayamwondolei mjenzi daraka lake. Kosa ni la aangukaye, lakini ukingo ni wa ajengaye. Mambo haya mawili yaweza kuwa kweli pamoja, na katika habari ya Whistler tunadhani yote mawili yalikuwa kweli. Nodar alikosa katika kona. Lakini nguzo tupu haikusimama pale kwa kosa lake.

Wako watakaosema kwamba mchezo ukiondolewa hatari hauna ladha, na kwamba wachezaji ni watu wazima wanaojua waingiacho. Neno hili lina ukweli ndani yake. Ushujaa ni sifa njema, na mtu ashukaye mlima wa barafu kwa moyo mtulivu astahili heshima. Hatutaki kila mlima usawazishwe. Lakini ziko hatari za namna mbili. Iko hatari ambayo mchezaji huiona, huipima, na kuishinda kwa ustadi wake. Hiyo ndiyo mchezo wenyewe. Tena iko hatari iliyoachwa pale kwa uvivu au haraka ya mwandaaji, isiyoshindika kwa ustadi wo wote. Nguzo ya chuma iliyo nje ya njia haimwongezei mtazamaji furaha, wala haimwongezei mchezaji sifa. Ingefungwa magodoro, mchezo ungepungukiwa na nini?

Historia imekwisha kujibu. Huko Whistler, baada ya mwendo kupunguzwa, mashindano yalipendeza, na Felix Loch akashinda. Kwa Michezo ya mwaka wa 2014, Warusi walijenga njia karibu na Sochi, yenye sehemu tatu za kupanda badala ya kushuka, ili mwendo usizidi kilomita 135 kwa saa. Watazamaji walijaa vile vile, na mshindi akawa Loch yule yule. Aliye stadi ni stadi hata mwendo ukipunguzwa kidogo.

Wala si kweli kwamba watu hukumbuka mwendo tu. Mwaka ule wa 1964 huko Innsbruck, bobsleji ya Waingereza Tony Nash na Robin Dixon ilivunjika parafujo. Mshindani wao, Mwitalia Eugenio Monti, akawapa parafujo ya sleji yake mwenyewe, nao wakamshinda, wakatwaa dhahabu. Mwendo wa siku ile wachache waujua. Tendo la Monti lasimuliwa hata leo.

Jambo hili lahusu hata Afrika. Mwaka wa 1988, huko Calgary, watu wa Jamaika, nchi isiyo na theluji, waliingia na bobsleji yao. Ikapinduka kichwa chini katika barafu, nao kwa neema ya Mungu wakatoka wazima, wakatembea kwa miguu yao mpaka mwisho huku watu wakiwapigia makofi. Mwaka wa 2018, huko Pyeongchang, Korea ya Kusini, walifika wanawake wa Nigeria katika bobsleji, nahodha wao Seun Adigun, na Akwasi Frimpong wa Ghana katika skeletoni. Watu wa nchi zisizo na barafu wanazidi kuja, nao hawana njia nyumbani za kujizoeza. Akialikwa mgeni asiyezoea nyumba, mwenyeji mwema haachi kisima wazi uani, kisha akasema kwamba mgeni alipaswa kutazama. Mwenye kuandaa yampasa afikiri juu ya aliye mdogo na asiyezoea kuliko wote aliowaruhusu kuingia, si juu ya bingwa peke yake.

Sisi hatujengi njia za barafu. Lakini tunajenga madaraja ya miti, tunachimba visima, tunapakia watu katika malori kwenda mikutanoni, na siku ya michezo ya shule tunawapandisha watoto kambani na mitini mbele ya wazazi wao, ili washangilie. Kila mara tufanyapo hivyo tunasimama mahali pa wale wajenzi. Mtoto akikosa hatua, kosa ni lake, naye atajifunza. Nasi tutaulizwa la kwetu: je, tulikwenda kutazama mahali atakapoangukia, kabla ya kumwita apande?